Mduara kwenye Ramani: Tathmini ya Athari na Haki za Watu katika Migodi ya Katanga

Tathmini ya athari ni waraka unaoandikwa kabla mgodi haujafunguliwa. Unaeleza mgodi utafanya nini kwa maji, hewa, ardhi na watu, na mwenye mgodi anaahidi nini ili madhara yapungue. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waraka huo hujulikana kwa herufi zake za Kifaransa, EIES, yaani tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Hufuatana na mpango wa kusimamia athari hizo, PGES. Mwekezaji asiye nazo hati hizi mbili hapewi kibali cha kuchimba. Kwa mujibu wa sheria, basi, hakuna mgodi mpya wa shaba au kobalti unaoanzishwa Haut-Katanga au Lualaba, majimbo ya Katanga ya zamani, bila mtu fulani kuwa amekwisha kuandika nani ataumia na kwa kiasi gani.

Mengi katika waraka huo huamuliwa na mstari mmoja. Kabla ya kupima chochote, mtaalamu huchora eneo la athari: mduara unaozunguka shimo, kiwanda, bwawa la topesumu na barabara ya malori. Aliye ndani ya mduara huhesabiwa, huulizwa maoni, na siku ya kuhamishwa hufidiwa. Aliye nje hatajwi. Makomeno, mtaa wa komini ya Lubumbashi, hauna shimo la mgodi, na kwa ramani za namna hiyo mtaa kama huo huachwa mweupe. Lakini familia ya Makomeno inanunua lenga-lenga (mchicha) sokoni bila kujua yalimwagiliwa kwa maji ya mto gani, na katika jiji lililojengwa juu ya shaba si ajabu baba wa nyumba akawa mfanyakazi wa mgodini anayerudi jioni na vumbi kwenye nguo zake. Kama familia hiyo ni jamii iliyoathiriwa au siyo, hapo ndipo tathmini ya mazingira na tathmini ya haki za binadamu zinapoachana njia.

Sheria ya migodi iliyotangulia sheria ya mazingira

Wazo lenyewe ni la Marekani. Sheria ya sera ya mazingira iliyotiwa saini huko tarehe 1 Januari 1970 ililazimisha idara za serikali kuandika athari za miradi mikubwa kabla ya kuiidhinisha. Mkutano wa Rio wa 1992 uliufanya utaratibu huo kuwa kanuni ya kimataifa, na Afrika Mashariki ikaupokea haraka: Uganda katika sheria ya 1995, Kenya 1999, Tanzania 2004.

Kongo ilipita njia ya pekee. Nchi ikiwa bado vitani, na Benki ya Dunia ikihimiza sekta ya madini ifunguliwe kwa wawekezaji, Sheria ya Madini ilitolewa tarehe 11 Julai 2002, na kanuni zake Machi 2003. Masharti ya mazingira yaliwekwa humo humo, ndani ya sheria ya madini. Sheria ya jumla ya mazingira haikupatikana hadi Julai 2011. Kwa karibu miaka 9, basi, mlinzi wa mazingira ya migodini alikuwa idara ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikitafuta wawekezaji wa migodi. Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE, uliundwa mwishoni mwa 2014, na ndio unaotoa cheti cha mazingira baada ya kuichambua tathmini pamoja na idara ya wizara ya madini. Mazoea ya miaka ile hayakufutika siku cheti kilipobadilisha mkono.

Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yalibadilisha mengi. Neno “jamii” liliingia rasmi katika jina la tathmini. Kampuni zilitakiwa kutia saini na jamii jirani hati ya wajibu, inayotaja kwa miaka 5 shule, zahanati, visima na barabara zitakazojengwa. Aidha, zilitakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Mrabaha wa madini uligawanywa upya: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kanuni za Juni mwaka huohuo zilikuja na kiambatisho kizima kuhusu namna ya kuwahamisha watu, kuwafidia na kuwapa makazi mapya.

Ukisoma karatasi tu, Kongo ina mojawapo ya sheria kali zaidi za madini katika eneo hili la Afrika. Ndiyo maana kilio cha kwamba sheria haipo hakisaidii sana. Sheria ipo. Lakini tathmini huandikwa na ofisi ya washauri inayolipwa na kampuni inayotaka kibali, huandikwa kwa Kifaransa cha kitaalamu, huwa na mamia ya kurasa, na ikishapitishwa huwa si rahisi kuipata. Kanuni za 2018 ziliagiza hati za aina hii zitangazwe hadharani, na mashirika ya Lubumbashi na Kolwezi yamekuwa yakiidai ahadi hiyo tangu wakati huo.

Kutoka kwenye chupa hadi kwa mnywaji

Tathmini ya mazingira huuliza: ni kiasi gani? Mtaalamu huchota maji mtoni katika vituo alivyochagua, huyapeleka maabara, na hulinganisha matokeo na kiwango kilichowekwa katika kanuni. Yakiwa chini ya kiwango, kazi imekwisha. Yakizidi, kampuni huandika itafanya nini. Ni kazi halali na ngumu, na bila hiyo hakuna kingine kinachosimama.

Tathmini ya haki za binadamu huanzia mwisho mwingine. Huuliza ni nani, haki yake ni ipi, na ni nani anayewajibika kwake. Maji yaleyale ya mtoni yanakuwa haki ya maji ya mama anayechota, haki ya chakula ya mkulima wa bustani, haki ya afya ya mtoto, na pengine haki ya kujua ya wote hao. Katiba ya Kongo ya 2006 inatoa msingi wa kutosha: ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ya 58 inawapa Wakongo wote haki ya kunufaika na utajiri wa taifa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu nao ulikwisha kuitaja haki ya mazingira katika ibara ya 24, mwaka 1981, wakati mikataba mingi ya dunia ilikuwa bado kimya.

Kama fani, tathmini ya haki ni changa. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa iliagizwa na kampuni ya mafuta ya BP kwa mradi wake wa gesi wa Tangguh, Papua, Indonesia, mwaka 2002. Mwaka 2007 kituo cha Kanada kiitwacho Rights & Democracy kilichapisha matokeo ya njia ya pili, ambayo jamii na mashirika yake ndiyo yanayofanya tathmini badala ya kampuni. Nchi zilizotoa mifano zilikuwa Ufilipino, Argentina, Peru, Kongo, pamoja na eneo la Tibet. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni Elekezi za biashara na haki za binadamu, zilizoandaliwa na Profesa John Ruggie, na tangu hapo kampuni kubwa haiwezi tena kudai haijui inatarajiwa nini. Katika Afrika Mashariki mfano unaotajwa mara nyingi ni tathmini ya haki ya bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, ya mwaka 2018. Sheria ya Madini ya Kongo, hata hivyo, haidai waraka wa haki unaojitegemea. Haki huingia, zikiingia, kupitia herufi ya mwisho ya EIES.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana zaidi katika kupima uzito wa madhara. Kanuni Elekezi zinataja vipimo 3: ukali wa dhara, idadi ya watu linaowagusa, na kama linaweza kurekebishwa. Pesa haimo, wala asilimia ya kiwango. Mfano unaofaa ni bustani za mboga za Lubumbashi. Wakulima wengi humwagilia kwa maji ya mito na vijito vinavyopita jijini, na watafiti wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta metali katika mboga za majani zinazouzwa sokoni. Mtaalamu wa mazingira ataitazama bustani kama kitu kimoja kati ya vingi kwenye jedwali: kobalti kiasi hiki, shaba kiasi hiki, kiwango kimezidi. Mtaalamu wa haki atauliza nani analima, na mara nyingi atakuta ni mama asiye na hati ya kiwanja. Mtu wa namna hiyo hawezi kudai fidia kwa sababu kisheria ardhi si yake, na hawezi kuacha kulima kwa sababu karo ya shule inatoka hapo. Mtaalamu huyo ataufuata mzigo wa mboga hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi jikoni, kando ya sufuria ya bukari (ugali). Kwa kufanya hivyo atakuwa ameuvunja mduara, kwa kuwa mlaji yuko mbali na mto.

Mwilini

Ushahidi kwamba madhara hayafuati mistari ya ramani umetoka kwa sehemu kubwa Lubumbashi penyewe. Mwaka 2009 timu ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, ilichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye matanuru walikuwa na kobalti nyingi kuliko karibu watu wote wa kawaida waliowahi kupimwa popote duniani, na watoto walizidi watu wazima. Sababu haihitaji maabara: mtoto hucheza chini, hutia mkono kinywani, na vumbi liko chini.

Utafiti wa pili uligusa jambo zito zaidi. Kati ya 2013 na 2015, katika hospitali za Lubumbashi, watafiti walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na watoto 108 wasio nazo. Walitazama damu, mkojo, vumbi la nyumbani na kazi za wazazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la Lancet Planetary Health. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba: mtoto ambaye baba yake anafanya kazi zinazohusu madini alikuwa na uwezekano zaidi ya mara 5 wa kuwa katika kundi la wenye kasoro. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, kwa hiyo makadirio yana upana mkubwa, na watafiti wenyewe hawakudai wamethibitisha chanzo. Lakini hata mwenye tahadhari nyingi hawezi kuupuuza mwelekeo huo. Kama dhara linabebwa na baba kutoka kazini hadi kitandani, umbali kutoka shimoni si kipimo cha maana. Nyumba ya Makomeno inaweza kuwa karibu na mgodi kuliko kibanda kilichojengwa ukutani mwake.

EIES nyingi zina sura ya afya. Kwa kawaida sura hiyo huhesabu zahanati, hutaja malaria, na hueleza vifaa vya kujikinga vya wafanyakazi. Chumba cha kuogea, ambamo mfanyakazi angeacha vumbi na nguo za kazi kabla ya kwenda nyumbani, ni hatua rahisi kupita kiasi ukilinganisha na bei ya lori moja la mgodini. Ikiingizwa katika mpango kama haki ya familia badala ya marupurupu ya mfanyakazi, inageuka kuwa kitu kinachoweza kukaguliwa: kipo au hakipo, kina maji au hakina.

Askari hawamo katika jedwali

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, mji wa wavuvi kwenye Ziwa Mweru, kaskazini mwa Lubumbashi. Jeshi la serikali lilipokwenda kuutwaa tena mji huo, liliua raia. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja watu wasiopungua 73. Askari walifika kwa msaada wa ndege na magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na fedha Dikulushi, takriban kilomita 50 kutoka hapo. Kampuni ilijitetea kwamba serikali ilivitwaa vyombo hivyo kwa amri.

Mwaka huohuo MIGA, tawi la Benki ya Dunia linalotoa bima kwa wawekezaji, ilikuwa imeidhinisha dhamana ya dola milioni 13 hivi kwa mradi wa Dikulushi. Ilikuwa na tathmini ya mazingira mkononi. Ofisi ya malalamiko ya Benki, CAO, ilipokagua jinsi dhamana hiyo ilivyotolewa, ilikuta kwamba hatari za mgogoro na usalama hazikuchunguzwa ipasavyo, wala haikuangaliwa kama kampuni ina uwezo wa kushughulika na vyombo vya dola bila kuhatarisha watu.

Haikuwa bahati mbaya ya ofisa mmoja. Tathmini ya mazingira haina mahali pa kuliweka lori la askari. Lori hilo si vumbi, si asidi, si kelele. Tathmini ya haki, kinyume chake, huanza kabisa na maswali ya namna hiyo: nani analinda mgodi, analipwa na nani, analala wapi, anatumia magari ya nani, na akiua mtu kesi inasikilizwa wapi. Katika Kilwa swali la mwisho lilijibiwa vibaya. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaondolea askari hatia ya mauaji ya Kilwa, pamoja na wafanyakazi 3 wa kampuni. Mashirika ya ACIDH ya Lubumbashi, RAID ya Uingereza na IHRDA ya Gambia yaliipeleka kesi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2010, na uamuzi uliotangazwa 2017 uliitia Kongo hatiani na kuitaka iwalipe waathiriwa dola milioni 2.5.

Kawama, kijiji kilicho jirani na mgodi wa Luiswishi nje kidogo ya Lubumbashi, kilipata yake Novemba 2009, polisi walipobomoa mamia ya majengo kwa matingatinga yaliyotoka katika kampuni iliyouendesha mgodi huo. Amnesty International ilirudi kwenye jambo hilo mwaka 2014 ikiwa na picha za setilaiti za kabla na baada ya ubomoaji. Kampuni ilikanusha lawama. Picha zile, hata hivyo, zilifanya kazi ambayo orodha nzuri ya kaya na nyumba katika EIES ingeifanya mapema na kwa gharama ndogo zaidi.

Moshi wa 1911

Mstari wa mduara una ndugu yake wa wakati. Tathmini hutaka picha ya hali ilivyo kabla mradi haujaanza, ili baadaye ijulikane kilichobadilika. Lubumbashi hali hiyo ya mwanzo ni ya kutafuta kwa tochi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, mji wa Élisabethville ulianza 1910, na tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza 1911. Kwa miongo mingi bomba lake refu lilitoa moshi wenye salfa na chembe za metali, na pepo za kusini-mashariki ziliusukuma kaskazini-magharibi. Upande huo wa jiji una eneo ambalo wanasayansi wa Chuo Kikuu wanaliita koni ya uchafuzi. Msitu wa miombo ulitoweka, na penye mimea zimebaki aina chache zinazostahimili shaba, kama nyasi za Microchloa na ua dogo la Haumaniastrum katangense, ambalo wachunguzi wa madini wamelitumia tangu zamani kama dalili ya shaba ardhini. Huko Penga Penga watafiti wamejaribu kuifunika ardhi tupu kwa chokaa, mboji, nyasi na miti. Kazi inakwenda polepole.

Mgodi au kiwanda kipya kinapofunguliwa leo, huanzia katika udongo huo. Mtaalamu huchota sampuli, hukuta shaba nyingi, na huandika kwa uaminifu kwamba eneo lilikwisha kuchafuliwa. Ni kweli, na ni rahisi mno kutumika. Sheria ya 2018 iliongeza ibara ya 285 bis inayomwajibisha mwenye haki ya madini kulipa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakukosea. Anasamehewa akithibitisha kwamba dhara limetokana na sababu isiyo ya mgodi wake. Katika nchi yenye zaidi ya miaka 100 ya shaba, sababu ya namna hiyo haikosekani. Kinachoamua ni ubora wa vipimo vya mwanzo: vituo vingapi, visima vya nani, msimu gani. Maji yaliyochotwa Februari, masika yakiwa yamepamba moto, hayasemi lolote la kutegemewa kuhusu kisima cha Septemba.

Mkutano na orodha ya mahudhurio

Sheria inataka jamii ishirikishwe, na ushirikishwaji huacha ushahidi wa aina moja ulio rahisi kuambatishwa: orodha ya mahudhurio. Mkutano huitishwa kwa mkuu wa kijiji. Wageni hufika na ramani, maelezo husomwa kwa Kifaransa na kufasiriwa kwa Kiswahili, soda hugawiwa, watu huuliza kuhusu ajira, na kila mmoja huandika jina au huweka kidole gumba. Miezi kadhaa baadaye vidole hivyo viko katika kiambatisho, vikisimama kama ridhaa ya watu ambao siku ile hawakuwa na tathmini ya kuisoma, kwa sababu ilikuwa haijaandikwa.

Kasoro hii imewahi kufikishwa mbele ya waamuzi katika pwani ya Waswahili. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya liliifuta leseni hiyo. Mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanyika mwanzoni, kabla ya tathmini yenyewe kukamilika, hivyo wananchi hawakupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya madhara yaliyoorodheshwa humo. Mkutano wa utambulisho, kwa maoni ya baraza, si ushirikishwaji. Uamuzi huo hauifungi mahakama yoyote ya Lubumbashi, lakini hoja yake inaweza kusomwa ibara kwa ibara juu ya EIES za Katanga.

Nani hakuwepo mkutanoni ni swali la maana kuliko nani alikuwepo. Wachimbaji wadogo, ambao shimo jipya litawaondoa, mara nyingi hawahesabiwi kuwa wakazi. Wapangaji hawamo kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayeitwa. Wanawake huwa nyuma, au shambani. Tathmini nzuri ya haki huwafuata walipo, kwa makundi madogo, kwa lugha wanayogombana nayo nyumbani, na huwarudishia matokeo kabla hayajapelekwa wizarani. Hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu huchukua muda na huzaa maswali.

Baada ya dhara

Tathmini yoyote hujulikana thamani yake siku jambo lililotabiriwa linapotokea. Sheria ya Kongo inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati ardhi mgodi utakapofungwa, na inamruhusu aliyedhurika kudai. Kati ya ruhusa na malipo kuna ushahidi, mwanasheria na miaka. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilichoanza kazi 2007 kiliwaachia wakazi sumu mwilini. Mahakama ya mazingira iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikavuruga tuzo hiyo, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha Desemba 2024. Sehemu ya lawama iliangukia taasisi za serikali zilizokiacha kiwanda kiendelee. Kwa msomaji wa Kongo hilo ndilo la kuangalia: anayetoa cheti naye anaweza kushtakiwa.

Katika Katanga ushahidi huru unakuja kidogo kidogo. Machi 2024 RAID na AFREWATCH, shirika lenye makao Lubumbashi, zilichapisha uchunguzi wa vijiji na mitaa inayozunguka migodi 5 mikubwa ya eneo la Kolwezi. Maji yalipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wakazi waliulizwa kuhusu ngozi, uzazi, mavuno na bei ya matibabu. Kampuni kadhaa zilibisha. Mabishano hayo yenyewe ni hatua, kwa maana sasa yanahusu namba dhidi ya namba. Zamani yalikuwa mkulima mmoja dhidi ya jalada zima.

Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji machafu yaliyotoka katika kiwanda cha CDM, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China, yalifurika mitaa ya komini ya Annexe, Lubumbashi. Waziri wa Madini Louis Watum Kabamba alikwenda mwenyewe, akasimamisha shughuli za kiwanda kwa miezi 3 na kuitaka kampuni isafishe na iwafidie watu. Kusimamisha kiwanda huzuia maji ya kesho. Kwa maji yaliyokwisha kuingia kisimani, mwenye kisima anahitaji kipimo cha kabla ya mafuriko. Kipimo hicho, kama kilichukuliwa, kiko katika viambatisho vya tathmini iliyoandikwa kwa gharama ya kampuni, au katika daftari la maabara ya Chuo Kikuu, endapo mwanafunzi fulani aliwahi kupita mtaa huo na chupa zake.